Oksijeni Ina Kipimo: Mishipa ya Damu ya Mtoto Njiti

Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi, wazazi na wakazi wa Kikuyu, Dodoma



Nimeombwa nizungumzie vifaa vinavyomsaidia mtoto mchanga mahututi aendelee kuishi, na madhara ambayo vifaa hivyo huweza kuyaacha kwenye mishipa yake ya damu. Hapa Kikuyu ndipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kinapofundisha wauguzi, kwa hiyo wengi mlioketi mbele yangu ndio mtakaovishika vifaa hivyo usiku wa manane wakati daktari yuko wodi nyingine. Nitazungumza nanyi kwanza, kisha nitazungumza na wazazi.

Hoja yangu naiweka wazi tangu sasa. Kila chombo kinacholetwa kwenye wodi ya watoto wachanga kije na kipimo chake, na kije na mtu wa kukisimamia. Oksijeni isiyopimwa, kanula ya mshipani isiyoangaliwa na mpira wa kitovuni usio na siku ya kutolewa vinaweza kumrudishia mtoto uhai, halafu vikamnyang'anya jicho au vidole.

Simsemi vibaya yeyote aliyeleta mashine. Tulikuwa tunazihitaji na bado tunazihitaji. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Utafiti wa 2015-16 ulikuwa umekuta 25. Katika kipindi hichohicho vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43. Yaani tumewaokoa wengi waliokwisha kuvuka mwezi wa kwanza, lakini kwa mchanga tumesogea hatua moja tu. Lengo la dunia ni kufika 12 ifikapo 2030, na hatutafika huko bila oksijeni, bila mashine ya sipapu inayomsukumia mchanga hewa mapafuni, na bila dripu.

Vifaa hivyo sasa vinakuja. Baada ya UVIKO-19 hospitali nyingi za rufaa zilipata mitambo ya kuzalisha oksijeni. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyozinduliwa mwaka 2015, tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na mpango wa m-mama, ambao kwa kupiga 115 huwatafutia usafiri wajawazito na wachanga walio hatarini. Mtoto wa gramu 1,100 ambaye zamani angefunikwa khanga na kuombewa, leo anafika wodini akiwa hai. Mtoto huyo, njiti aliyezaliwa kabla ya wakati, ndiye ninayemzungumzia.

Nianze na jicho, kwa sababu watu wa Dodoma wanaujua upofu. Trakoma imewatesa Wagogo vizazi na vizazi. Kongwa, wilaya ya mkoa huu, palifahamika duniani kwa sababu hiyo: tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao Watanzania walikwenda kijiji kwa kijiji wakichunguza nzi, maji na nyuso za watoto, na matokeo yao yalisaidia dunia kujua namna ya kupambana na ugonjwa ule. Na pale Buigiri, wilayani Chamwino, kuna shule ya watoto wasioona ambayo ni miongoni mwa kongwe zaidi nchini. Upofu wa trakoma ulitokana na shida ya maji na umaskini. Upofu ninaoutaja leo huanzia hospitalini, tena kwenye hospitali inayofanya kazi nzuri ya kuokoa.

Tumboni mwa mama mtoto huishi kwenye oksijeni kidogo sana ukilinganisha na sisi, na mishipa yake imezoea hali hiyo. Mishipa ya retina, lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, huanza kuchipua mimba ikiwa na wiki kama 16. Huanzia pale neva ya jicho inapoingilia, ikatambaa polepole kwenda ukingoni, na haimalizi safari yake hadi karibu na wiki ya 40. Mtoto akizaliwa wiki ya 28, sehemu kubwa ya retina bado haina mshipa hata mmoja.

Sasa tunamwekea oksijeni. Ikizidi, mishipa ile michanga husinyaa na kuacha kukua. Wiki zinapita, retina inaendelea kukomaa na inadai damu, lakini mishipa haipo. Jicho lenye njaa hutoa protini ya kuchochea mishipa mipya, nayo huota hovyo, bila mpango, ikaingia mahali isipotakiwa. Huvuja damu na kuweka kovu, na kovu likijikunja huivuta retina hadi ikabanduka. Muda wote huo kwa nje huoni kitu. Mtoto ananyonya, anaongezeka uzito, nyumbani wanafurahi. Mama hushtuka miezi kadhaa baadaye, mtoto asipomfuata kwa macho au anapoona weupe ndani ya mboni, na hapo mara nyingi hakuna daktari awezaye kurudisha kilichopotea.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1942 na daktari wa macho Theodore Terry wa Boston, Marekani. Miaka kumi baadaye ulikuwa umewapofusha watoto wapatao 10,000 duniani, wengi wao katika nchi tajiri zilizojivunia mashine mpya za kuwatunza njiti. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa kabla ya wakati mwaka 1950 katika jimbo la Michigan, ni mmoja wao. Madaktari walishuku vitamini, mwanga, maziwa, kila kitu isipokuwa ile hewa waliyoiona kuwa ni wema mtupu. Mwaka 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alilinganisha hospitali za mji wake akakuta kwamba palipotolewa oksijeni kwa wingi ndipo upofu ulipokuwa mwingi.

Arnall Patz, daktari kijana aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya umma mjini Washington, alitaka kuhakikisha. Aligawa watoto makundi mawili, moja lipewe oksijeni nyingi kama ilivyozoeleka na jingine lipewe kidogo. Kuna wauguzi waliopandisha oksijeni usiku kwa watoto wa kundi la pili, kwa sababu waliamini kabisa kwamba anawanyima pumzi. Ninawaelewa wauguzi wale. Mwaka 1953 hospitali 18 za Marekani ziliungana kwenye jaribio kubwa, na mwaka uliofuata jibu likawa bayana kwamba oksijeni nyingi kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa ikipofusha. Huko London, mtafiti Norman Ashton alionyesha kwa watoto wa paka jinsi mishipa ya jicho inavyojifunga ikizidiwa na oksijeni.

Kilichofuata ndicho ninachotaka wanafunzi wakishike zaidi. Hospitali ziliogopa, zikaamua kwamba oksijeni isizidi asilimia 40 kwa mtoto yeyote, awe anaihitaji au haihitaji. Upofu ulishuka sana. Lakini mwaka 1973 mtafiti wa Uingereza, Kenneth Cross, alipiga hesabu akakadiria kwamba kwa kila mtoto aliyeokolewa macho, watoto kama 16 walikufa kwa kukosa oksijeni. Dunia ilitoka kwenye kuzidisha ikaangukia kwenye kupunja, na pande zote mbili walioumia ni watoto wale wale.

Hadi karne hii mjadala uliendelea. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010 lililinganisha njiti waliowekwa kwenye kiwango cha oksijeni ya damu cha asilimia 85 hadi 89 na wale wa 91 hadi 95. Kundi la chini lilipata madhara machache ya macho, lakini lilikuwa na vifo vingi zaidi. Ndiyo maana leo njiti aliye kwenye oksijeni huwekwa kati ya 90 na 95.

Sasa tuje kwenye wodi zetu. Konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, hutoa oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Mtungi hutoa oksijeni tupu. Sipapu ya kutengeneza wenyewe, ile ya mpira na chupa ya maji yenye mapovu, ikiunganishwa moja kwa moja na mtungi humpa mtoto oksijeni tupu saa 24. Mapovu yanachemka vizuri, kifua kinapanda vizuri, kila mtu ameridhika. Kinachokosekana ni kichanganyio, kifaa cha kuchanganya oksijeni na hewa ya kawaida ili mtoto apate asilimia 30 akihitaji 30. Zipo sipapu za gharama nafuu zenye uwezo huo. Malawi, katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, walifanyia majaribio sipapu rahisi iliyobuniwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rice. Walionusurika miongoni mwa wachanga wenye shida kubwa ya kupumua walipanda kutoka asilimia 44 hadi 71. Kwa hiyo simwambii mtu aogope sipapu. Ninamwambia anayeandika zabuni asiandike sipapu bila kuandika kichanganyio na oksimita.

Oksimita ni ile taa ndogo nyekundu inayofungwa mguuni au mkononi mwa mtoto kupima oksijeni ya damu yake. Wazo lake lilitoka kwa mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974, na kwa maoni yangu hakuna kifaa cha bei ndogo kilichowafaa wachanga kuliko hicho. Lakini lazima ujue kukisoma. Mtoto anayevuta hewa ya kawaida akionyesha 98 au 100, mshukuru Mungu. Mtoto aliye kwenye oksijeni akionyesha 100, punguza. Asilimia 100 haikuambii damu yake ina oksijeni ya kutosha au imezidi mara tatu, maana oksimita haiwezi kupanda zaidi ya hapo. Kengele ya juu iwekwe 95 na isizimwe kwa sababu inapiga kelele. Na gari la wagonjwa linalotoka Kondoa au Mpwapwa na njiti ndani yake libebe oksimita pia, kwa sababu safari ndefu juu ya mtungi ulio wazi ni dozi kubwa ya dawa.

Niache jicho, niende mkononi.

Chukua mkono wa mtoto wa kilo moja. Kiganja chake chote kinalala juu ya ncha ya kidole gumba chako. Mshipa unaoutafuta nyuma ya kiganja unaonekana kama uzi wa bluu chini ya ngozi inayopitisha mwanga. Unafunga toniketi ya kubana mkono ili mshipa utokeze, na mara nyingi toniketi yenyewe ni kipande cha glovu kilichokatwa. Kanula ya manjano inaingia, damu inarudi, unabandika plasta, unafunga kibao, unazungusha bandeji. Kipande cha glovu kimebaki chini ya bandeji. Saa sita baadaye vidole vimekuwa vyeusi.

Jambo hili hutokea, na huwatokea wauguzi hodari waliochoka, walio peke yao na watoto thelathini. Wodi inayolichukua kama uzembe wa mtu mmoja itamwadhibu huyo, na mwakani litatokea tena. Wodi yenye busara huweka utaratibu. Toniketi ihesabiwe kama mkasi unavyohesabiwa chumba cha upasuaji. Plasta iwe ya kuonyesha ncha za vidole zote, bila bandeji ya kuficha. Kila saa mtu aguse vidole, aangalie rangi, abonyeze aone damu inarudi kwa sekunde ngapi, kisha aandike. Maji ya glukosi ya asilimia 10, kalisiamu na dawa ya aminofilini vikitoka nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo mkono ukivimba usisubiri chupa iishe. Toa.

Kinga kubwa kuliko zote ni kutouchoma mshipa pasipo lazima. Maziwa ya mama yakianza mapema kwa mrija wa puani, hata tone kwa tone, kanula hutoka siku kadhaa mapema. Na mtoto akilala kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, njia tunayoiita kangaruu, hupata joto, hupumua kwa utulivu na hupata maambukizi machache. Jaribio kubwa la kangaruu lililochapishwa mwaka 2021 lilifanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao vya mwezi wa kwanza vilikuwa asilimia 12, dhidi ya asilimia 15.7 kwa waliosubiri hali itulie kwanza. Kwa hiyo kifua cha mama nacho ni kifaa cha kuokoa maisha, na hakihitaji kichanganyio.

Kitovu nacho kina habari yake. Siku za mwanzo mishipa ya kitovu bado iko wazi, na mwaka 1947 daktari Louis Diamond wa Boston aliitumia kuwabadilishia damu watoto wenye manjano kali. Njia hiyo imeokoa wengi. Lakini mpira mwembamba unaowekwa kwenye ateri ya kitovu una unene wa zaidi kidogo ya milimita 1, nao hupanda hadi kwenye aota ya mtoto, ateri kuu ya mwili, karibu na matawi yanayopeleka damu kwenye figo, utumbo na miguu. Damu ikiganda pale, mguu hugeuka mweupe au bluu. Muuguzi anayejua kazi yake hufunua vidole vya miguu kila saa. Akiona weupe, huupasha joto mguu wa pili, ule mzima, kwa kitambaa vuguvugu, ili mishipa ya pande zote ilegee. Rangi isiporudi haraka, mpira utolewe, hata kama kuupata kulichukua saa nzima. Viungio vyake navyo vikazwe barabara. Mtoto wa kilo moja ana damu kama mililita 90 tu mwilini, sawa na kikombe cha kahawa kile cha wauza kahawa wa barabarani, na kiungio kilicholegea kinaweza kuimwaga yote kabla taa haijawashwa.

Mpira wa kwenye vena ya kitovu huweza kugandisha damu kwenye mshipa mkuu wa ini. Madhara yake hujificha miaka mingi. Mtoto wa miaka saba analetwa akitapika damu, bandama limevimba, na sisi madaktari wa Tanzania tunafikiria kichocho kwanza, na ni haki yetu kukifikiria. Lakini muulizeni mama kama mtoto huyo alilazwa siku zake za mwanzo na akawekewa mpira kitovuni. Swali hilo ni la bure, na hubadilisha matibabu.

Ipo pia mashine ya ekimo, inayofanya kazi ya mapafu na moyo nje ya mwili. Daktari Robert Bartlett aliitumia California mwaka 1975 kwa mtoto wa kike aliyekuwa anakata roho, wauguzi wakamwita Esperanza, naye akapona. Uingereza ilifanya jaribio kwa watoto 185 miaka ya 1990: waliopelekwa kwenye ekimo walikufa 30 kati ya 93, wasiopelekwa walikufa 54 kati ya 92. Ni tofauti kubwa mno. Ila ili kuiunganisha, daktari wa upasuaji huingia shingoni upande wa kulia, akaweka mrija kwenye vena na mwingine kwenye ateri inayopeleka damu kichwani, na ateri hiyo mara nyingi hufungwa moja kwa moja. Mtoto huishi kwa sababu mishipa ya chini ya ubongo imeungana kama pete, upande mmoja ukalisha mwingine. Damu yake lazima ilainishwe kwa dawa isigande kwenye mirija, na dawa hiyohiyo huweza kumfanya avuje damu ndani ya ubongo. Vijana huniuliza lini tutakuwa na ekimo ya wachanga Dodoma. Jibu langu ni kwamba wodi isiyoweza kuangalia vidole kila saa haijafika mahali pa kuomba ekimo. Fedha ya mashine moja kama hiyo ingenunua oksimita na vichanganyio vya mkoa mzima, na mimi ningeanza huko.

Sasa tufanye nini na macho? Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2010 njiti wapatao 20,000 duniani walipofuka au kubaki na uoni hafifu sana kwa ugonjwa huu, na wengi walikuwa katika nchi ambazo ndiyo kwanza zimeanza kuwaokoa njiti. Tumefika zamu yetu. Kenya ilitoa mwongozo wake wa kitaifa mwaka 2018. India, kwa kuwa kule hata watoto wakubwa kidogo huugua, hupima wote waliozaliwa chini ya gramu 2,000 au kabla ya wiki 34, na nadhani sisi tuanzie hapo, si kwenye vipimo vya Ulaya ambako oksijeni hudhibitiwa vizuri zaidi. Kipimo cha kwanza kifanyike mtoto akiwa na wiki nne. Daktari wa macho huweka dawa ya kupanua mboni, akatazama kwa taa na lenzi, dakika chache basi. Akikuta ugonjwa umefikia hatua ya hatari, tiba ya leza au sindano ya jichoni lazima ipatikane ndani ya siku mbili au tatu. Ikisubiri rufaa ya mwezi ujao, imekwisha.

Ninaiomba kila hospitali ya mkoa huu inayowapa njiti oksijeni itenge siku moja kwa wiki ya daktari wa macho kupita wodini. Ninawaomba waajiri waiheshimu sheria ya kazi iliyorekebishwa mwaka 2025, inayomwongezea mama wa njiti likizo kufidia wiki zilizobaki kufikia 40, kwa sababu katika wiki hizo ndimo miadi ya macho inapoangukia. Akina baba, nauli ya siku ile itoke mapema, kabla ya mbuzi kuuzwa kwa jambo jingine.

Na wewe mama mwenye njiti, siku ya kuruhusiwa usikimbilie bodaboda. Muulize muuguzi mwanao alikaa kwenye oksijeni siku ngapi, na macho yake yatapimwa tarehe gani na hospitali gani. Hakikisha tarehe hiyo imeandikwa kwenye kadi ya mtoto kabla hujatoka getini.